Bi Taratibu na simu inayokatika baada ya salamu

Jua limeshapanda na nguo zilizofuliwa alfajiri zimeanza kukauka kwenye kamba, lakini fundi aliyeitwa kutengeneza mtandao bado hajafungua mkoba wake. Ameketi kwenye kochi la watu, viatu amevivua mlangoni, mikono ameiweka magotini, anatazama tu. Mtu asiyemjua angedhani amekuja kuposa.

Mama mwenye nyumba anamtupia jicho, anarudi jikoni, anatoka tena.

"Ruta iko pale juu ya kabati, mama," anasema, akionyesha kile kisanduku chenye taa za kijani kinachogawa intaneti nyumba nzima.

"Nimeiona."

"Nikuzimie?"

"Taratibu, mwanangu. Kwanza nione mnavyoishi."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Wateja wake, mafundi wenzake, hata muuza vocha wa mtaani kwao, wote wanamwita Bi Taratibu. Ana miaka hamsini na minane, magoti yanayolalamika kila akipanda ngazi, na miwani anayoitafuta huku ameivaa. Vijana wanaofanya kazi kama yake hupita nyumba tano kwa siku. Yeye akipita mbili, amejitahidi.

Alianza kazi enzi za simu za mezani, akiunganisha nyaya mitaani, kwenye mashimo na juu ya nguzo. Simu za mkononi zilipoingia, nyaya zile zikabaki kuwa za ndege kupumzikia, na yeye akapewa mkono wa kwaheri pamoja na wenzake wengi. Akauza mitumba kwa muda. Anasema alikuwa muuzaji mbaya kupindukia, kwa sababu mteja akimuuliza kama gauni limempendeza, yeye alikuwa anasema ukweli.

Baadaye akajiandikisha kwenye mafunzo ya mitandao, darasa moja na vijana wa umri wa wanawe. Mwalimu alikuwa akikimbia na somo, na kila baada ya muda sauti ilikuwa inatoka nyuma ya darasa: "Taratibu, mwalimu." Vijana walicheka. Siku ya mtihani hawakucheka sana, lakini jina lilikuwa limeshaganda.

Kukaa kwanza na kutazama ndiyo kazi yenyewe, kwa maelezo yake. Amewahi kukuta ruta imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake chombo cha maua, mama wa nyumba akilalamika kuwa mtandao hauna nguvu. Amewahi kukuta nyingine imefungiwa ndani ya kabati la chuma, baba mwenye nyumba akihofia wezi. Kuna familia moja iliyokuwa inakosa intaneti kila asubuhi, na kumbe msichana wa kazi alikuwa anachomoa waya wa ruta ili apige pasi, kisha anaurudisha kwa adabu zote.

"Nyumba nyingi ninazoingia, vifaa ni vizima," anasema. "Lakini fundi akija, watu wanabadilika. Wanapanga sebule, wanazima redio, wanaongea kwa sauti ndogo kama wako ofisini. Sasa nitaonaje tatizo, wakati nimeonyeshwa nyumba ya wageni?"

Nyumba ya leo imemsumbua hata kabla hajaingia. Mafundi wawili wameshapita hapa. Wa kwanza alibadilisha waya. Wa pili alipima, akapiga simu ya majaribio, ikaenda vizuri, akashauri familia inunue kifurushi kikubwa zaidi. Wamenunua. Tatizo liko palepale.

Tatizo lenyewe linamhusu babu wa nyumba hii, fundi cherehani mstaafu, ambaye sasa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ni mzee mrefu, amevaa shati aliloshona mwenyewe, na shati hilo linamkaa vizuri kuliko mashati ya dukani yanavyowakaa vijana. Kila Jumapili saa sita mchana, binti yake anayeishi nchi ya mbali humpigia simu ya picha. Kila Jumapili simu hiyo hukatika.

Haikatiki hovyo. Inakatika baada ya salamu.

Hapo ndipo penye maumivu, na anayeyaeleza ni mama mwenye nyumba, mke wa mtoto wa kiume wa mzee, akiwa jikoni, kwa sauti ya kunong'ona.

Mzee alishona sare za shule kwa miaka mingi ili binti huyo asomee uhasibu. Binti akasoma, akasafiri, akapata kazi ofisini. Kisha mwaka jana akaiacha, akaenda kutunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko huko, kwa sababu, alisema, huko ndiko moyo wake ulikotulia. Habari zikamfikia baba yake, na baba akasema neno. Alimwambia, "Kama ni kuogesha wazee, si ungebaki hapa uniogeshe mimi."

"Siku hiyo simu haikukatika," anasema mkwe wake. "Lile neno lilifika vizuri kabisa."

Mzee alijuta kabla jua halijazama. Si mtu wa kuandika ujumbe wa simu, vidole vyake vimezoea sindano. Akasema atasubiri Jumapili azungumze na mwanawe uso kwa uso. Jumapili ikaja, wakasalimiana, akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, akaanza, na picha ya binti ikaganda, ikapotea. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Na iliyofuata.

Sasa mzee anaamini binti yake anamkatia simu kila anapotaka kuingia kwenye mazungumzo. Na binti, huko aliko, anaamini baba ndiye anayekata. Wiki hii alimwandikia wifi yake ujumbe mfupi: leo, Jumapili, atapiga kwa mara ya mwisho. Baba akikata, ataelewa, na salamu zake zitakuwa zinapitia kwa wifi.

Mzee naye ana msimamo wake.

"Mimi sitamlazimisha mtu mzima kuongea na mimi," anamwambia Bi Taratibu, akitazama dirishani. "Leo nitakaa hapa. Ikikatika, basi. Siwezi kila wiki kushika simu mkononi kama mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari."

"Nimekusikia, mzee wangu," anajibu Bi Taratibu. "Lakini kabla hajapiga yeye, nitakupigia mimi."

Anatoka barazani na simu yake ndogo ya kazi, anampigia mzee simu ya picha. Mzee anapokea. Wanatazamana kwenye vioo, yeye barazani, mzee kitini, wakiwa wametenganishwa na ukuta mmoja. Wanazungumza kuhusu cherehani. Wanazungumza kuhusu vitambaa vya siku hizi, ambavyo mzee hana jema la kusema juu yake. Simu ni safi, hakuna hata chembe ya kukwama.

"Umeona," anasema mzee, na sauti yake imeshuka. "Wewe hukati. Yule anakata."

Fundi mwingine angefunga mkoba hapo, akasema mtandao ni mzima. Bi Taratibu anarudi sebuleni na kuketi tena. Anatazama kiti cha mzee, anatazama televisheni kubwa iliyozimwa ukutani, anatazama malapa madogo ya watoto yaliyotupwa mlangoni.

"Wako wapi wenye malapa haya?"

"Nimewatoa nje kwa jirani," anasema mama yao. "Wasikusumbue."

"Shangazi yao akipiga, huwa wanakuwa wapi?"

"Hapa hapa. Lazima wamsalimie."

"Basi waite waje wanisumbue."

Watoto ni wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, na wanaingia wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bi Taratibu anawaeleza kwamba leo yeye ndiye shangazi. Wanamtazama kwa mashaka. Msichana anasema shangazi ni mwembamba.

"Nimenenepa huko ughaibuni," anasema Bi Taratibu, na hapo wanakubali.

Anatoka tena barazani, anapiga tena. Safari hii ameomba kila mtu afanye yale yale ya kila Jumapili, bila kuruka kitu, hata kama kinaonekana cha kipuuzi. Mama anashika simu kwanza: habari za huko, za kazi, za afya, baridi inasemaje. Kisha simu inapita kwa watoto. Shikamoo shangazi. Marahaba wanangu, hamjambo? Hatujambo. Mnasoma? Tunasoma. Yule mdogo anaonyesha jino linalotikisika. Ndipo simu inafika kwa babu, na mama anawashika watoto mabega.

"Haya, mwacheni babu aongee na mwanawe. Nendeni mkatazame katuni."

Rimoti inashushwa kutoka juu ya kabati. Mlio mdogo unasikika, televisheni inaamka. Barazani, uso wa mzee unaganda mdomo ukiwa wazi, kisha unapotea.

Bi Taratibu haruki wala hapigi makofi. Anaingia ndani, anavua miwani, anaifuta kwenye upindo wa gauni.

"Televisheni hii," anauliza, "mchana inawashwa mara ngapi?"

"Haiwashwi," anasema mama. "Ni jioni tu, wakimaliza kazi za shule, na jioni babu anakuwa ameshalala. Mchana ni Jumapili peke yake, shangazi akipiga. Nawawashia wasimpigie babu kelele."

"Ndiyo maana tunapenda shangazi akipiga," anasema yule mdogo.

Mama anamtazama mwanawe, kisha televisheni, kisha baba mkwe wake. Inamchukua muda kuelewa, na akielewa anakaa chini palepale kwenye mkeka.

"Kumbe mimi ndiye ninayewakata?"

"Si wewe," anasema Bi Taratibu. "Nipe simu ya mzee nione."

Sasa ndipo anapofungua mkoba, na anachotoa ni kijitambaa cha kufutia kioo. Anaingia kwenye mipangilio ya simu ya mzee, sehemu ambayo watu wengi hawajawahi kuifikia maishani mwao. Anafafanua anachokiona huku akisogeza kidole. Kila kifaa ndani ya nyumba, simu, televisheni, kompyuta, hupewa namba na ruta, kama hospitalini mtu anavyopewa namba ya foleni. Kwa kawaida ruta yenyewe inagawa, na haimpi mtu namba ya mwenzake. Lakini simu ya mzee haiombi namba. Imeandikiwa namba yake ya kudumu, kwa mkono, na ruta haina habari. Televisheni ikiwashwa, ruta inaipa namba hiyo hiyo, kwa sababu inaona haina mwenyewe. Wawili wenye namba moja wakiitwa, mmoja anakosa huduma.

"Na nani amemwandikia baba namba?" anauliza mkwe.

Jibu linapatikana kwa simu. Mume wake, mtoto wa kiume wa mzee, leo yuko zamu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma yake zinasikika mbao zikipakuliwa. Anafikiri kidogo, kisha anakumbuka. Ni yeye. Zamani kidogo, kabla televisheni mpya haijanunuliwa, intaneti ilikuwa inasuasua, na mtu kwenye kundi la wafanyakazi wenzake alituma maelekezo ya kuipa simu namba ya kudumu.

"Niliiwekea ya baba tu," anasema. "Nilitaka awe na nafasi yake asipange foleni na sisi. Nimeharibu, mama?"

"Hujaharibu," anasema Bi Taratibu. "Ulimwekea baba yako kiti. Tatizo hukuiambia ruta kwamba kiti kina mtu."

Televisheni ilinunuliwa mwezi gani, anauliza mzee. Mkwe anamwambia. Anahesabu kimoyomoyo Jumapili zilizokatika, midomo ikicheza, na hesabu inapokamilika anafunika uso kwa kiganja chake kikubwa. Anabaki hivyo. Watoto wanaacha kuchezea rimoti.

"Hakuwa anakata," anasema, kutoka nyuma ya kiganja.

"Hakuwa anakata, mzee wangu."

"Na mimi nilikuwa namlaani moyoni."

Bi Taratibu anaigusa simu mara mbili, anaifuta ile namba, anairudisha simu kwenye foleni pamoja na wengine. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Anawasha televisheni, anampigia mzee tena, anamwacha aongee, anaizima televisheni na kuiwasha. Simu haitikisiki. Akiona uso wa mzee bado una wasiwasi, anarudia zoezi lote tangu mwanzo, salamu na jino na kila kitu, mpaka watoto wanachoka kuwa waigizaji.

Saa sita inakaribia. Mzee amefunga kifungo cha juu cha shati. Ameomba maji, hajayanywa.

Simu inaita.

Salamu zinakwenda kama kawaida yake, na leo kila mtu anazifupisha isipokuwa yule mdogo, ambaye jino lake limeendelea kulegea tangu asubuhi. Mama anawaambia watoto waende kwenye katuni. Anashika rimoti, anamtazama Bi Taratibu. Fundi anainamisha kichwa kumwambia awashe. Anawasha. Wimbo wa katuni unaanza.

"Baba?" inasema sauti ya binti.

"Nipo."

Bi Taratibu anamshika mama mwenye nyumba mkono, wanatoka barazani na kurudishia mlango. Fundi hajaondoka, lakini ya mle ndani hayamhusu. Ana mazoea ya kutotoka kwenye nyumba ya mteja mpaka simu imalizike yenyewe. Kwa hiyo anakaa kwenye ngazi, anavaa viatu polepole, na anasubiri.

Wanawe, anasema, hawapendi aendelee kupanda ngazi za watu. Wamechanga, wamempatia kibanda karibu na stendi, chenye meza na kiti cha kuzunguka. Wanataka watu wamletee vifaa pale, ayapumzishe magoti. Ni watoto wazuri, na ameshakwenda kukiona kibanda, na amekizungukia kile kiti mara kadhaa.

"Lakini sijui nitafanya nini pale," anasema. "Wataniletea ruta. Hii ya hapa ingeletwa, ningeipima, ningesema nzima, rudini nayo. Nani ataniletea kibandani babu, na mkwe, na jino linalotikisika?"

Anachopanga ni kuwaomba wanawe wakipangishe kibanda kwa mtu mwingine, na kodi yake imnunulie pikipiki ndogo ya magurudumu matatu, ili magoti yahifadhiwe kwa ajili ya ngazi za wateja. Bado hajawaambia. Anatafuta siku watakayokuwa wameshiba.

Ndani, sauti ya mzee inasikika ikienda chini sana, kisha kimya.

"Haloo?" anasema mzee. "Haloo? Imekatika?"

"Haijakatika, baba."

"Mbona umenyamaza?"

"Nalia tu. Endelea."

Mama mwenye nyumba anaufunika mdomo wake kwa ncha ya khanga. Bi Taratibu anashughulika na kamba ya kiatu ambayo alikuwa ameshaifunga.

Muda unapita. Katuni moja inaisha, nyingine inaanza. Halafu sauti zinapanda. Mzee anauliza kwa nini binti anasema atakuja mwaka kesho, wakati likizo ya mwaka huu ipo. Binti anasema tiketi hazichumwi mtini. Mzee anasema wazee wa watu wanaogeshwa kila siku na baba yake hajamwona tangu lini. Binti anasema, baba, umeanza tena. Mzee anasema ndiyo, nimeanza, na nitaendelea.

Mama mwenye nyumba anasimama kwa hofu. "Wanagombana. Niingie?"

"Kaa," anasema Bi Taratibu. "Waache wagombane. Walikuwa hawana nafasi."

Anamshika upindo wa khanga, anamketisha. Wanasikiliza. Ugomvi unapanda, unashuka, unageuka, na mahali fulani katikati binti anaanza kucheka, na mzee anakasirika kwa kuchekwa, kisha naye anacheka.

Mlango unafunguliwa. Mzee anasimama kizingitini, simu mkononi, macho mekundu, kifungo cha juu kimefunguliwa. Kwenye kioo, mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kazi anajifuta mashavu na kuuliza baba anakwenda wapi.

"Nipo, nipo. Naongea na fundi." Anamgeukia Bi Taratibu. "Mama, hii haikatiki tena?"

"Haikatiki, mzee wangu."

"Hata nikiongea sana?"

"Ongea mpaka chaji iishe."

Mzee anaitazama pembe ya kioo cha simu, mahali chaji inapoandikwa, kwa makini ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Kisha anarudi ndani, na kabla mlango haujafungwa wanamsikia akiwaambia wajukuu waache katuni kidogo, wamtafutie chaja.